Filamu haina mwongozo: kwa nini vijana wa Kibera na Kawangware waandike uhakiki

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetahiniwa kuhusu Nguu za Jadi ya Clara Momanyi au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege anaweza kufika siku ya mtihani bila kutoa hata wazo moja lililo lake. Madukani kuna miongozo. Ndani yake sifa za kila mhusika zimeorodheshwa, maudhui yamepangwa, na mbinu za uandishi zimetolewa mifano hadi na kurasa zake. Kazi inayobaki ni kukariri na kumwaga karatasini. Watahini wanalijua hilo, walimu wanalijua, na wazazi wanaonunua mwongozo kabla ya kununua riwaya yenyewe wanalijua vilevile. Kisha tunashangaa kijana aliyepata alama nzuri katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili akiulizwa maoni yake kuhusu jambo asilolisomea, anainamisha kichwa na kusubiri aambiwe jibu. Njia moja ya kuuvunja uraibu huu wa kukariri iko karibu na nyumbani kuliko tunavyodhani, nayo ni filamu: kuitazama kwa makini, kubishana juu yake, kisha kuketi na kuandika uhakiki wake. Filamu iliyotoka mwezi jana haina mwongozo. Anayetaka kuizungumzia hana budi kufikiri. Na ikiwa kazi hii itaanza mahali fulani jijini Nairobi, naona Kibera na Kawangware ndiko inakofaa kuanza, kwa sababu watu wa huko wanatazama sana, na kwa sababu wana jambo la kusema kuhusu namna wao wenyewe wanavyotazamwa.

Kuhusu kutazama, hakuna wa kufundishwa. Kabla ya simu za kisasa kuenea, kibanda cha video ndicho kilichokuwa sinema ya mtaa: kuta za mabati, mabenchi yaliyobanana, televisheni juu ya meza, na ubao nje wenye majina ya filamu za siku hiyo kwa chaki. Vibanda hivyo bado vipo, ingawa siku hizi mechi za ligi ya Uingereza huvijaza kuliko filamu, na vijana wengi hutazama kwenye simu, wakipeana faili mkono kwa mkono ili wasimalize bando. Katika utamaduni huo ndimo alimopatia jina DJ Afro. Yeye huchukua filamu ya Hong Kong, India au Marekani na kuiwekea sauti yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Hatafsiri mazungumzo neno kwa neno. Hueleza nani ni nani na anataka nini, humsuta mhusika mpumbavu, huonya kwamba balaa liko mlangoni, na kukihamisha kisa chote hadi kwenye mitaa na vyakula vyetu. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Uganda ina ma-VJ kama Jingo. Ni sanaa ya Afrika Mashariki kwa kweli, na kiini chake ni ufafanuzi: mtu anasimama kati ya filamu na hadhira na kusema, tazama hapa, hili ndilo lenye maana. Hadhira nayo hainyamazi. Mmoja anashikilia kwamba acta, yaani shujaa wa filamu, hafi, mwingine anauliza risasi za bunduki ile zinatoka wapi zisiishe, wa tatu anasema polisi wa kweli hafanyi vile.

Nusu ya uhakiki basi iko tayari: jicho liko, hamu ipo, na ubishi umejaa tele. Kinachokosekana ni ushahidi. Kibandani mwenye sauti kubwa hushinda, na asubuhi yake hoja zimekwisha kusahaulika, za mshindi na za mshindwa. Karatasini sauti haisaidii. Msomaji hayupo pale kukatwa kauli, anasoma akiwa ametulia, na anaweza kurudi kwenye filamu kuhakikisha kama lile ulilosema lipo. Ndiyo maana nasisitiza kuandika. Mazungumzo peke yake, hata yawe matamu vipi, hayatoshi.

Tuchukue mfano tuuone kwa karibu. Nairobi Half Life ya David Gitonga, maarufu kama Tosh, ilitoka mwaka wa 2012. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipendekeza kwa tuzo za Oscar, na Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitajwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo. Tuseme msichana wa miaka kumi na sita ameandika hivi: “Nairobi Half Life ni filamu tamu sana. Inahusu kijana anayeitwa Mwas. Anatoka kijijini kuja Nairobi kuwa mwigizaji, anaibiwa, anafungwa, halafu anajiunga na genge.” Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna uhakiki. Amesimulia, jambo ambalo kila aliyetazama anaweza kulifanya. Sasa mwalimu aulize swali moja tu: tamu wapi? Msichana atajibu kwamba Mwas anachekesha pale mwanzo. Anafanya nini hasa pale mwanzo? Anauza filamu kijijini, na ili wateja wavutike, anaigiza vipande vya filamu zenyewe mbele yao. Vizuri. Kuna mahali pengine tunapomwona akiigiza ili apate riziki? Hapo kalamu inaanza kutembea kwa namna nyingine: “Tangu mwanzo Mwas hatenganishi kuigiza na kutafuta pesa. Anapoanza kuishi maisha mawili, mara kwenye ukumbi wa maonyesho na mara na genge, sioni watu wawili. Namwona kijana mmoja anayeigiza pande zote mbili.” Hilo sasa ni dai. Linaweza kuwa kweli au uongo, na mwenzake wa dawati la nyuma anaweza kulipinga kwa kusema kwamba ukumbini Mwas akikosea mstari anarudia, lakini katika genge watu wanakufa kweli, kwa hiyo si igizo moja. Wote wawili watalazimika kurudi kwenye filamu. Kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho hakuongezwa msamiati wowote mgumu. Kilichoongezwa ni sababu.

Na swali kubwa zaidi la filamu hiyo bado linawangoja: je, mwisho wake unamsamehe Mwas? Mimi naona unamhurumia kupita kiasi, kwa kuwa unatupa uso wake na machozi yake ilhali waliodhulumiwa na genge hatuwajui hata majina. Kijana wa Kawangware aliyewahi kuporwa simu saa moja usiku, na kijana mwingine ambaye kakake alipigwa risasi na polisi bila kufikishwa kortini, hawataliona jambo hili kwa jicho moja, na wala hawatakiwi kulazimishwa wakubaliane. Wanachodaiwa ni kuonyesha ni tukio lipi, ni pembe ipi ya kamera, ni kimya kipi kilichowafikisha kwenye uamuzi wao.

Kibera ina sababu ya ziada ya kujifunza kazi hii. Ni miongoni mwa mitaa iliyopigwa picha nyingi mno barani. Mwaka wa 2005 ilitokea katika The Constant Gardener, filamu ya Mbrazili Fernando Meirelles iliyotokana na riwaya ya John le Carré kuhusu kampuni ya dawa inayowafanyia Wakenya majaribio. Rachel Weisz alipata Oscar kwa nafasi yake humo. Ni filamu yenye hasira ya haki, na waliotengeneza waliacha mfuko wa hisani uliosaidia miradi kwa wakazi. Lakini hisani haijibu swali la uhakiki, na swali lenyewe ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nane wa zamani: katika matukio ya Kibera, wakazi wangapi wana majina? Wangapi wanazungumza, na wanaongea kuhusu nini? Ahesabu. Kuhesabu ni mwanzo mzuri wa uhakiki kwa sababu hakutegemei hisia za mtu. Akishahesabu, aamue mwenyewe kama mtaa wake ulikuwa mahali penye watu au ulikuwa pazia la nyuma la mapenzi ya Waingereza wawili.

Baadaye zilikuja filamu zilizotengenezwa na wenyeji au pamoja nao. Kibera Kid ya mwaka wa 2006, ya Nathan Collett, ina dakika 12 tu, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Hot Sun Foundation ambalo limewafunza vijana wa Kibera kushika kamera na kuhariri. Mwaka wa 2010 Hawa Essuman aliongoza Soul Boy, iliyoandikwa na Billy Kahora na kupigwa Kibera kwenyewe. Mvulana Abila anamkuta babake amelegea, eti amepoteza roho yake, na ili aikomboe inambidi amwendee Nyawawa, mwanamke wa mizimu, anayempa majukumu saba. Mhakiki wa Berlin ataandika kuhusu hekaya na uhalisia wa kiajabu. Mhakiki wa Kibera mwenye nyanya yake kandokando ya Ziwa Victoria anajua zaidi: kwa Waluo, nyawawa ni pepo wanaopita usiku na sauti zao zikisikika watu hupiga mabati na sufuria ili wapite mbali. Anajua pia maana ya Abila kuwa na rafiki anayeitwa Shiku katika filamu iliyotoka miaka miwili baada ya ghasia za uchaguzi, ghasia zilizoigawa Kibera kwa misingi ya jina la mtu. Ujuzi huo hauko katika maktaba yoyote ya Ulaya. Ukibaki bila kuandikwa, filamu kuhusu Kibera zitaendelea kufafanuliwa na watu ambao hawajui Makina iko upande gani wa Laini Saba.

Ujuzi wa namna hiyo ni silaha dhidi ya uongo wa kawaida unaotokana na uvivu. Kwa miaka mingi vipindi vya televisheni na filamu za hali halisi vilirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakapandisha zaidi. Sensa ya mwaka wa 2009 iliwahesabu takriban 170,000. Hesabu hiyo ilipingwa na wengine, na si kazi ya makala haya kuamua mgogoro huo, lakini mhakiki aliyezoea kuuliza “umelijuaje?” angeishuku ile milioni tangu zamani, kwa kuiweka tu juu ya ukubwa wa eneo lenyewe. Mwaka huohuo wa 2009 ulianza mradi wa Map Kibera, na vijana wa mtaa wakazunguka na vifaa vya GPS wakichora vichochoro, vyoo, shule na vituo vya maji ambavyo ramani rasmi hazikuvionyesha. Uhakiki wa filamu ni ndugu wa kazi hiyo. Kawangware kwa upande wake haijapata umaarufu huo. Inapakana na Lavington, na habari zake hufika mbali kunapochafuka, kama Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa urais wa marudio. Kijana wa stendi ya 46 au wa Gatina ana swali tofauti la kuanzia: filamu za Nairobi zinapotaka mtaa wa maskini, kwa nini kamera inakimbilia kwingine, na ni mambo gani ya maisha ya kwao ambayo hayajaonekana popote?

Wazo kwamba mtazamaji Mwafrika hana uwezo wa kuisoma picha lina historia ndefu, na vijana hawa wanapaswa kuijua. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori lao la maonyesho likazunguka nchi kadhaa za eneo hili, Kenya ikiwemo. Mwaka wa 1939 ikaanzishwa idara ya filamu za makoloni, na William Sellers akaishikilia kanuni kwamba filamu za Waafrika ziwe za polepole, picha zisikatwe haraka, wala kusiwe na mbinu za kamera, maana akili zao zingechanganyikiwa. Kuna kisa kimoja kilichorudiwa sana katika vitabu vya mawasiliano baada ya Marshall McLuhan kukinukuu mwaka wa 1962. Filamu ya usafi ilionyeshwa kwa wanakijiji Waafrika, ikifundisha taratibu jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, wakasema wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba kuna kuku humo. Walipoipitia picha moja baada ya nyingine, wakampata: alipita pembeni mwa picha kwa muda wa kama sekunde moja. Wataalamu wakahitimisha kwamba watu wale hawajui kutazama. Mimi nasoma ushahidi uleule nikafika kwingine kabisa. Chumba kizima kiliona kitu ambacho mpiga picha, mhariri na mwenye filamu hawakukiona, na ambacho kilikuwepo kweli. Kosa lilikuwa la waulizaji, waliokuwa na jibu lao mfukoni na wasiulize swali la pili: na kwa nini yule kuku mlimwona muhimu? Darasa la kukariri hufanya kosa hilohilo kila siku.

Wapo watakaosema filamu ndizo zinazowaharibu vijana, na kwamba kibanda cha video ni mlango wa bangi na utoro shuleni. Siwapuuzi. Mtoto wa miaka kumi hana kazi na filamu ya watu wazima saa tano za asubuhi siku ya shule, na madaraja ya umri ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu yana sababu zake. Lakini vijana hao watatazama, tupende tusipende; simu imekwisha kuumaliza ubishi huo. Kilichobaki ni kama watatazama wakiwa na maswali au bila maswali. Kijana aliyezoea kuuliza kwa nini kamera inamfanya jambazi aonekane mrefu na mrembo ana kinga ambayo marufuku haiwezi kumpa. Nchi yetu ilionyesha madhara ya njia ile nyingine mwaka wa 2018. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku, na kwa miezi kadhaa taifa likabishana kwa ukali kuhusu filamu ambayo karibu hakuna aliyekuwa ameiona. Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba, kumbi zikajaa. Unaweza kuipenda filamu hiyo au kuichukia. Usichoweza ni kuihukumu kwa haki bila kuitazama, na wengi wetu, wa pande zote mbili, tulifanya hivyo bila haya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mama anayetafuta karo na kodi ya nyumba ya mabati atauliza uhakiki wa filamu utamletea mwanawe nini mezani. Jibu la uaminifu ni kwamba utamletea pesa kidogo, pengine usilete kabisa. Magazeti yanayolipa wahakiki ni machache na malipo yenyewe ni haba, na anayewaahidi vijana ajira ya uhakiki anawadanganya. Faida iko kwingine. Anayeweza kutazama jambo la saa moja na nusu, akachagua mambo matatu yenye uzito na kuyatetea katika kurasa mbili, ndiye atakayeandika barua ya kuomba kazi inayosomeka, atakayeusoma mkataba wa mkopo wa simu kabla ya kubonyeza, na atakayemuuliza mgombea kiti mbele ya umati ahadi ya mwaka ule iliishia wapi. Mzazi wa Kibera anazihitaji stadi hizi kwa mwanawe kuliko mzazi wa Lavington, kwa sababu mtoto wa Lavington atapewa nafasi hata akiongea ovyo.

Kuhusu lugha nitakuwa mfupi. Rasimu ya kwanza ije kwa Sheng, na kwa mdomo. Huko ndiko fikra za kijana zinakokwenda mbio. Ya mwisho iwe kwa Kiswahili ambacho msomaji wa Tanga au Bukavu atakielewa. Kuhama kutoka ya kwanza hadi ya pili ni mafunzo yenyewe, kwani maneno kama “noma” na “fiti” hubeba maana kumi kwa mpigo, na mwandishi atalazimika kuchagua moja.

Gharama haipaswi kutushinda. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Filamu fupi kama Kibera Kid inaweza kuonyeshwa mara mbili kwa dakika 24, mara ya kwanza kwa starehe na mara ya pili kwa kalamu mkononi, zikabaki dakika 16 za ubishi, na uandishi ukawa kazi ya nyumbani. Kompyuta moja na spika ndogo zinatosha darasa. Mtaala mpya unataja fikra tunduizi miongoni mwa umilisi wake wa msingi, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari 2026 wanaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Michezo, ambamo filamu imo. Hofu yangu ni kwamba uhakiki utafungiwa humo, kwa wachache, katika shule zenye vifaa. Mahali pake ni kipindi cha Kiswahili, kinachomfikia kila mtu, na shule ndogo za kijamii za Kawangware zisingoje waraka wa wizara ili zianze.

Zaidi ya shule, kazi hizi zinahitaji wasomaji, maana insha inayosomwa na mwalimu peke yake huandikwa kwa ajili ya alama. Kibera ina redio yake, Pamoja FM, ambako uhakiki wa dakika tatu unaweza kusomwa jioni. Mwenye kibanda cha video naye ana ukuta na ana wateja walewale walioitazama filamu jana. Akikubali karatasi moja ibandikwe kando ya ubao wa chaki kila Jumamosi, mwandishi wake atapata wapinzani kabla ya jua kutua, tena wenye ushahidi, kwa kuwa walikuwepo. Wakija na maneno, wapewe karatasi na kalamu, na jibu lao libandikwe Jumamosi inayofuata.